Nakala Tatu za Cheti cha Baba

Shambani, Nebraska
Jumatano ya mvua, mwezi wa Oktoba

Mdogo wangu Darrell,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Galen, na za paka wa Mama ambaye mpaka leo hulala kwenye kitanda chako kama vile amelipia kodi. Vipi hali yako? Mgongo umetulia? Nasikia huko Alaska baridi imeanza kung'ata. Vaa zile soksi za sufu nilizokutumia, usizifanye matambara ya kufutia mashine kama mwaka juzi. Sisi huku tu wazima. Mahindi yote yameingia isipokuwa ya kule bondeni, ambako matope hayampi mtu ruhusa. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini akisikia akodiani linapona papo hapo, na hapo ndipo yalipoanza yote.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Mara ya mwisho uliniambia nimehongwa kwa pai, kisha ukakata. Darrell, tangu lini mimi nikahongwa kwa pai, tena ya huyo Mlutheri wa Mama? Nakuomba kitu kimoja tu, soma mpaka mwisho kabla hujampigia wakili wako. Mengine nilikwisha kukuambia, lakini nilikuambia kwa hasira na vipande vipande, basi acha niyapange upya kama yalivyotokea.

Unajua kwamba tangu Baba atutoke, miaka mitano sasa, mimi nilidhani Mama atakaa na paka wake na bustani yake mpaka Mungu amkumbuke. Kumbe mwenzangu hana habari. Majira ya baridi yaliyopita alianza kwenda Jumamosi kucheza polka katika ukumbi wa askari wastaafu, na huko akakutana na Verlyn Tietz. Ni mgane, Mlutheri, si Mkatoliki kama sisi, mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, masikio makubwa, mdomoni hamkosekani peremende ya mnanaa. Amehamia mjini kwetu kutoka upande wa pili wa jimbo, na hakuna anayewajua watu wake. Mwezi wa mavuno, kila pikapu hapa imevaa vumbi mpaka kwenye vioo, ya kwake inang'aa. Mimi nilimwona siku ya kwanza nikasema, huyu ana lake jambo.

Na ulikuwa wakati mbaya wa kuwa mgeni. Hukuwepo wakati wa kashfa ya Wendell Pruss. Yule mzee ametusimulia habari za vita na manowari miaka nenda miaka rudi, tumemnunulia bia zisizo na idadi, na jina lake likachongwa kwenye jiwe la kumbukumbu pale bustani ya mjini. Kisha akakosana na shemeji yake, na shemeji akafungua mdomo. Kumbe Pruss jeshi alilijua getini tu, alikuwa akiwapelekea viazi! Fundi alirudi kulisugua jina, na sasa pana alama nyororo katikati ya majina ya watu. Tangu hapo kamati ya jiwe haikubali neno la mtu, kofia yake wala picha yake. Inataka nakala ya cheti cha kuachiliwa jeshini, iliyothibitishwa na wilaya, yenye muhuri. Wanaume wa mji huu walianza kutazamana pembeni kama kuku waliopotelewa na yai.

Basi Verlyn alisema naye alikuwa askari. Kamati ikamwambia vizuri, leta cheti tukuchonge. Akakataa. Alijibu kwamba ahsante, jina lake limekwisha kuwa kwenye jiwe na hilo moja linamtosha. Walipomwuliza ni jiwe gani, alihamisha peremende shavu moja hadi jingine akaenda kumchukua Mama kucheza. Nikasema moyoni, haya, Pruss wa pili huyu hapa.

Mimi nilitaka jina la Baba liingie kwenye lile jiwe. Bila shaka unakikumbuka cheti chake. Aliposhuka kwenye basi kutoka Vietnam, hakwenda nyumbani kula, alikwenda kwanza mahakama ya wilaya wakakiandika kwenye kitabu na kukibana muhuri. Kila Krismasi alikitoa kwenye kopo la biskuti, akatufumba macho, akatupitisha kidole gumba juu ya ule muhuri uliojitokeza. Alikuwa akisema, "Hapo ndipo wilaya inaposema inakujua. Karatasi hii usiachane nayo. Popote utakapobisha hodi, watakuuliza." Basi nikaenda kwa Mama, nikapanda juu, nikafungua kopo. Medali zimo. Picha imo. Kifungio cha mkanda kimo. Cheti hakimo.

Nilishuka nikamwuliza Mama. Aligeukia sinki, akafungua maji, akasema hakumbuki alikiweka wapi. Mama hakumbuki! Mama huyu anayekumbuka bei ya kila gauni alilonunua tangu ujana wake, na nani alivaa nini kwenye harusi ya nani! Nilimtazama mgongo wake nikajua ananificha kitu, na mtu wa kufanya Mama anifiche kitu alikuwa mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, Darrell, na hiki kilikuwa kinacheza polka.

Nikaenda mahakama ya wilaya kuomba nakala. Dirishani alikuwa Bev Sukup, yule uliyempeleka dansi ya shule ukamsahau huko, naye hajasahau. Amenijua tangu utoto wetu, lakini aliniomba kitambulisho, akaniuliza marehemu ni nani wangu, nakala naitakia nini, akanipa pahali pa kutia sahihi. Ndivyo sheria ilivyo siku hizi, kwa kuwa wezi wamegundua kwamba namba za askari aliyekufa zinafungua milango mingi. Halafu akainua kichwa akaniuliza kama zile nyingine zimepotea. Nikamwambia zipi? Akasema Mama alikuja Jumatatu, pamoja na yule bwana, wakachukua tatu.

Tatu! Bila malipo, ndiyo, maana wilaya haimtozi mjane wa askari, lakini mtu mwenye nia njema ana haja gani na nakala tatu za maiti? Nilimwuliza Bev walitoa sababu gani, akasema hiyo niwaulize wenyewe, akakaza midomo. Nilitoka pale nikiwa nimeghadhibika mpaka nikasahau kuchukua nakala iliyonipeleka. Jioni ile ndipo nilipokupigia. Ulisema anaweza kukopa kwa jina la Baba, anaweza kufungua akaunti, anaweza kuuza hata shamba. Kila ulilolisema nililiamini.

Tangu siku hiyo niligeuka mpelelezi. Alhamisi iliyofuata walipanda pikapu asubuhi wakaenda wasikokusema. Walirudi jioni, viatu vya Mama vya kanisani vimejaa matope na macho yake mekundu. Nilimwuliza walikuwa wapi, akasema walikwenda kutembea. Na viatu vya kanisani? Akasema ndiyo, vya kanisani, na mimi niangalie yangu. Jumamosi wakaenda ukumbini. Mimi na Galen tukawafuata. Tulipowaona wanazunguka katikati ya sakafu, tulitoka tukaenda kwenye pikapu. Galen alisimama zamu, anajifanya anakagua tairi huku anapiga mbinja, na unajua hajui kupiga mbinja. Nikafungua dashibodi. Kulikuwa na glavu, pakiti za peremende, na bahasha moja ya kaki. Ndani ya bahasha, nakala ya cheti cha Baba. Chini yake, ramani ya viwanja vilivyopangwa safu kwa safu, vyenye herufi na namba, na viwili vimezungushiwa wino mwekundu.

Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikakupigia nikiwa palepale, nikakuambia ananunua viwanja kwa jina la Baba. Siku mbili tu ukawa umekwisha kumlipa wakili, ukaniletea ile karatasi ya kumwondolea Mama mamlaka juu ya mali yake, ukaniambia nihakikishe anaitia sahihi, na akikataa nitafute daktari aseme akili zimemruka. Hapo ndipo nilipokuambia ningoje mpaka Jumapili, nimwulize usoni mwake kwanza. Ukaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na nimehongwa kwa pai. Haya. Sasa sikia habari ya Jumapili.

Mama alioka bata, akapika madonge na kabichi ya chumvi, na kolachi, ile mikate midogo mitamu ya plamu unayoipenda. Karatasi yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kiti. Verlyn alisali sala yake fupi ya Kilutheri, na kabla hajashika uma nikamwambia, "Bwana Tietz, una shughuli gani na cheti cha baba yangu?" Nikasema tena kwamba naijua habari ya nakala tatu, na naijua ramani. Mama akaweka kijiko chini. Akaniuliza, polepole, kama nimepekua gari la mgeni wake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza na Galen naye? Galen alikuwa analitazama donge lake kama ameliona jana likiwa hai.

Nilitegemea yule mzee akasirike, au acheke, au aage. Alifuta mdomo, akamtazama Mama, Mama akatikisa kichwa kukubali. Akatoka nje kwenye pikapu, akarudi na bahasha na ramani, akaviweka mezani karibu na bakuli la mchuzi. Kisha akasema kwamba amemposa Mama mara tatu tangu masika, na mara tatu amekataliwa.

Mama akadakia kwamba hakukataa kwa kutompenda. Alilisema hivyo hivyo, mbele ya bata, na mimi sikujua niweke wapi macho. Alikataa kwa ajili ya jiwe la Baba. Unajua kwenye makaburi ya askari mke huzikwa kaburi moja na mumewe, na jina lake huchongwa nyuma ya jiwe lilelile. Baba alipokuwa hospitali, wiki ile ya mwisho, Mama alimwahidi kwamba jina la nyuma litakuwa la kwake. Sasa wanawake wa kanisani walikuwa wamemwambia kwamba mjane akiolewa tena, nafasi ile imekwenda na maji. Ndipo alipomwambia Verlyn, "Mimi nakupenda, lakini ukinioa nitazikwa wapi? Na Walutheri?" Na Verlyn akamjibu kwamba hilo yeye hajui, lakini atauliza, na hatarudia kumposa mpaka apate jibu la watu wa makaburi wenyewe.

Ndiyo maana ya Bev na muhuri wake, Darrell. Ofisi ya makaburi haikutaka fotokopi, ilitaka cheti cha Baba kilichothibitishwa, na cheti cha ndoa yao. Ndiyo maana ya Alhamisi na vile viatu. Walikwenda kusikia jibu, na jibu ni kwamba Mama hapotezi kitu. Hata akifa akiitwa Bibi Tietz, jina lake litachongwa nyuma ya la Baba. Alilia palepale kwenye maegesho, ndiyo yale macho mekundu, kisha akamwambia Verlyn ampose mara ya nne.

Niliuliza basi ile ramani ni ya nini. Verlyn akaigeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye duara la kwanza. Baba. Akahamisha kidole. "Na huyu ni Ardis wangu." Mkewe alimtangulia, amelala palepale, na juu ya jiwe pameandikwa mke wa Koplo Verlyn Tietz. Upande wake wa kaburi unamngoja. Hilo ndilo jiwe alilowaambia kamati, na mimi nikamwita Pruss. Walipima kwa miguu kutoka kwa Baba mpaka kwa Ardis, akasema ukianza peremende kwa Baba inakwisha ukifika kwa Ardis.

Nilikuwa sijaelewa bado, au nilikuwa sitaki kuelewa. Nikamwuliza, yaani mtaoana, kisha kila mmoja aende kwa mwenzake wa kwanza? Akasema, "Ndiyo, binti yangu. Mimi naazima tu mke wa baba yako Leonard. Nitamrudisha." Mama akasema yeye mwenyewe atahakikisha anarudishwa mzima, hata goti. Galen akacheka mpaka akapaliwa na kabichi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nausikia mkoba wangu chini ya kiti kama una kitu kinachopumua.

Lakini lilikuwa limebaki jambo moja, na wasiwasi hauniachi mimi kirahisi, unanijua. Kama nia ilikuwa njema, cheti chenyewe kiko wapi? Baada ya chakula wanaume walitoka kutazama tanki la dizeli, nikabaki na Mama jikoni, yeye anaosha, mimi nakausha. Nikamwuliza tena, kwa upole mara hii. Alifungua maji kama siku ile. Kisha akayafunga.

Akaniambia kwamba siku ya mazishi, msimamizi wa mazishi alipotoka kwenda kuleta bendera, alibaki peke yake na Baba. Alikuwa na cheti kwenye mkoba, maana walikuwa wamekihitaji kwa ajili ya risasi za heshima. Akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la Baba, upande wa moyo. "Miaka yote alituambia, popote utakapobisha hodi watakuuliza," akasema. "Ningemwacha aende mikono mitupu?" Alijua kwamba amefanya lile lile ambalo Baba alitukataza, kuachana na karatasi yenyewe. Amekaa nalo miaka mitano, anaogopa kutuambia, na zaidi anakuogopa wewe, kwamba utamgombeza. Nilipomwuliza mara ya kwanza alidhani nimegundua.

Darrell, nililia. Nilishika kile kitambaa cha vyombo nikajifuta nacho uso, na Mama akaniambia nisitie machozi kwenye vikombe vyake. Kisha akaniuliza, kwa dhati kabisa, kama nadhani kule juu walikikubali. Nikamwambia kama wangekikataa Baba angekuwa amekwisha kurudi kulalamika.

Sasa habari ya zile nakala. Ya kwanza imebaki kwenye ofisi ya makaburi. Ya pili aliipeleka Verlyn mwenyewe kwa kamati, kabla hata mimi sijafungua kopo, na jina la Baba litachongwa masika, mbali na ile alama ya Pruss, nimehakikisha. Ya tatu ndiyo ile niliyoikuta kwenye dashibodi. Jioni ile, walipokuwa wanaondoka, nilimwuliza Verlyn ya tatu ni ya nini. Akanipa bahasha mkononi, akasema niigeuze. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko wake ule wa kizee: Darrell. Alisema Mama amemweleza kwamba ana mwana huko mbali, na kwamba hujarudi tangu mazishi. Alisema dada mtu ana shamba na kopo la biskuti, lakini kijana hana kitu cha baba yake, na si vizuri mwanamume kukaa mbali hivyo bila karatasi ya baba yake. Alikuwa anangoja apate anwani yako.

Bahasha hiyo niliishika, nikaifungua, nikaipekua, na sikuigeuza.

Basi nimeitia humu pamoja na barua hii. Karatasi ya wakili wako nayo nimeitia, haijatiwa sahihi, na Mama hakuiona. Fanya nayo utakavyo. Kabla ya kuamua, fumba macho upitishe kidole gumba pale chini upande wa kulia, juu ya muhuri. Ni ule ule.

Ndoa ni Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Padri amekubali, Mlutheri na yote. Mama anataka wewe ndiye umshike mkono umpeleke mbele, na amesema usipokuja atakwenda peke yake na goti lake, na watu wote wataona. Njoo na mtoto, alale na paka.

Nisalimie mkeo na mwanao. Galen anakusalimu, na anasema anafanya mazoezi ya mbinja. Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia yote haya, kwa hiyo ukipiga simu mwache akuambie habari ya koti mwenyewe, wala usimgombeze.

Ni mimi, dada yako anayekupenda,
Janelle